Nani Alimpekua Yule Mama

Mkufunzi alinisukumia daftari la mwanafunzi mwenzangu wa kiume, akaniambia niandike humo kwamba huyo mwenzangu ndiye aliyempekua mama muuza kanga asubuhi ile. Niliweka kalamu mezani. Sikuitupa, kama walivyokuja kusimulia baadaye. Niliiweka, nikasema, "Afande, hilo siandiki."

Yule mama nilimpekua mimi. Aliletwa akituhumiwa kuficha doti za kanga aziuze kwa bei ya kuruka, miaka ile ambayo ukisikia kanga zimefika dukani, foleni imeshazunguka kona. Kituo cha polisi kilikuwa kidogo, hatua chache kutoka soko la Kariakoo, na chuo kilitupeleka pale miezi mitatu kwa mafunzo ya vitendo: wanaume kumi na mmoja na mimi. Nilimwingiza chumba cha nyuma, nikafunga mlango.

"Shikamoo mama. Samahani, naomba uvue hiyo ya juu."

"Marahaba mwanangu," akasema, akaniangalia kifuani. "Maziwa yanakutoka. Nenda kanyonyeshe kwanza, mimi sikimbii."

Alikuwa na doti mbili kiunoni na risiti ya duka la ushirika. Hana kosa. Nikatoka nikatoa taarifa, akaachiwa akaenda zake.

Sasa hilo daftari. Kila mmoja wetu alikuwa nalo. Ukifanya upekuzi, ukichukua maelezo, ukienda eneo la tukio, unaandika na mkufunzi anatia saini. Saini zisipotimia, huingii mtihani wa mwisho. La kwangu lilikuwa jeupe. Wiki ya kwanza tu mkufunzi aliona hati yangu ni nzuri, akanikalisha mezani. Wenzangu wanatoka doria, wanarudi na jasho na hadithi, mimi nawaandikia. Madaftari kumi na moja, yote mwandiko wangu. Nilipoomba na mimi nitoke, aliniuliza, "Unanyonyesha. Ukipigwa ngumi Mtaa wa Kongo nitamwambia nini mumeo?" Mume mwenyewe alishahamia Temeke kwa mwanamke mwingine, na afande alilijua hilo vizuri kuliko mimi.

Cheti cha mtihani ule ndicho kilichokuwa kodi ya chumba changu mtaani Gerezani na uji wa mwanangu. Sikuwa na kingine. Ndiyo maana nilikuwa nimenyamaza muda wote ule.

"Mwenzako amebakiza upekuzi mmoja tu," mkufunzi akasema siku ile, kwa upole, kama mtu anayenigawia chakula. "Wewe hata ukifaulu, nani atakupangia kazi na mtoto mgongoni?"

"Upekuzi ule ni wangu, afande."

Mwenzangu akacheka. "Shemeji, andika tu yaishe. Hasira zinakausha maziwa."

Wengine wakacheka naye. Nikamwambia mimi si shemeji yake, kaka yake simjui na wala simtaki. Basi akavuta daftari, akajiandikia mwenyewe kwa hati yake ya kuku, na mkufunzi akatia saini palepale, mbele ya macho yangu. Hakuna hata mmoja wao aliyefikiri kilichokuwa kinatiwa saini. Mkufunzi huyohuyo ndiye aliyetufundisha darasani kwamba mwanamke hupekuliwa na mwanamke, na alitukaririsha mpaka tukaimba. Niliutazama ule ukurasa nikashika namba yake: kumi na saba.

Nyumbani, bibi wa chumba cha mbele aliyekuwa akinishikia mtoto alinisikiliza mpaka mwisho. "Subira yavuta heri, mjukuu wangu."

"Nimevuta miezi mitatu, bibi. Kamba imekatika."

"Watakufukuza."

"Sawa. Lakini watanifukuza wakijua wanamfukuza nani na kwa nini."

Akanipa mtoto. Nilimnyonyesha kwa mkono mmoja, wa pili unaandika barua kwa Mkuu wa Chuo.

Utaratibu ulikuwa kwamba barua ipitie kwa mkubwa wako, hata kama ndiye unayemlalamikia. Nikampelekea mkufunzi asubuhi yake. Aliisoma amesimama, kisha akakaa, akaisoma tena. "Dada, si tungezungumza?" Miezi mitatu hakuwahi kuniita dada. Nikamwomba agonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu. Akagonga. Nakala ninayo, inasema hivi:

Ndugu Mkuu wa Chuo,
Kupitia kwa Mkufunzi wa Vitendo.

Yah: Malalamiko kuhusu daftari la vitendo.

Katika daftari la mwanafunzi mwenzangu, ukurasa wa kumi na saba, imeandikwa kwamba yeye, mwanamume, alimpekua mwanamke katika chumba cha nyuma cha kituo. Mkufunzi ametia saini kuthibitisha.

Kama ni kweli, sheria tuliyofundishwa imevunjwa na mkufunzi ni shahidi. Kama si kweli, upekuzi huo niliufanya mimi, na saini hiyo inatakiwa kuwa katika daftari langu.

Aidha, kazi nyingine zote zilizomo katika madaftari ya wenzangu kumi na mmoja zimeandikwa kwa mkono wangu, kwa amri, katika saa ambazo nilitakiwa kuwa nafanya kazi kama hizo. Naomba madaftari hayo yaletwe mezani kwako na mwandiko ulinganishwe na wa barua hii.

Naomba niruhusiwe kufanya vitendo vilivyobaki na kuingia katika mtihani.

Nina mtoto wa miezi saba. Jambo hilo si kosa, na sijalificha.