Wiki Tatu za Ndama Asiyeona

Harufu ya dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya ng'ombe aliyetoka kuzaa, hunirudisha kwenye zizi letu kule kijijini Ziwa, likizo ya Aprili, mvua ya kupanda mahindi ikiwa imeshika na matope yakitufika vifundoni. Nilikuwa na miaka kumi. Ng'ombe wetu Chelel alizaa ndama jike mwenye nguvu, lakini alipoinuka alitembea moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa mbao akaugonga kwa kichwa. Baba alimfungua kope. Ndani mlikuwa na vijicho vidogo kama punje za maharagwe, vimefunikwa na utando mweupe.

Daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki, akauliza Chelel alipandwa na dume gani. Alikuwa dume wetu wenyewe, aliyezaliwa na Chelel huyohuyo. "Mzee, huenda shida ni hiyo, damu moja," alisema kwa upole. "Mwondoe huyo dume. Huyu ndama naye hana dawa, macho yake hayakuumbika." Baba akasema atamchinja wiki hiyo. "Baba, ngoja shule zifunguliwe," nilimwomba. "Akiweza kwenda kunywa maji peke yake, abaki." Alihesabu kwa vidole. "Wiki tatu, Chebet. Siongezi hata siku."

Kila asubuhi nilimtembeza ndama mbavu zake zikigusa ua, nikigonga ndoo kando ya birika. Alitumbukia mtaroni, akanikanyaga mpaka ukucha ukang'oka, na Mama akaniambia niache kujitesa. Sikuacha. Wiki ya tatu niliacha kugonga ndoo. Siku ya mwisho Baba mwenyewe alifungua lango. Ndama alifuata ua polepole, akasimama, akanusa, akainamisha kichwa akanywa.  Baba alichukua koleo akaanza kukata seng'enge zote zilizochomoza njiani mwake. Miaka miwili baadaye, kwa mbegu ya dume wa mbali, yule ndama wetu alizaa wake, na tulipompitishia mkono usoni, mtoto huyo alipepesa macho.

Leo nafuga ng'ombe ishirini karibu na Chepkoilel. Mbegu naagiza kwa simu, na ukoo wa kila ndama nimeuandika, jambo ambalo Baba hakuwahi kulifikiria. Lakini yeye alikuwa na wiki tatu za kumpa ndama mmoja. Mimi, kwa wingi wa kazi, huhesabu saa. Mwezi uliopita jirani alinipigia: ndama wake amezaliwa na ukungu machoni, na mchinjaji yuko njiani. Nilimwambia abadilishe dume. Kisha nikamwambia amrudishe mchinjaji, nikavaa gambuti, nikaenda.