Kinyozi wa Mabibo aliyeambulia kura nne

Saa moja asubuhi, Jumamosi. Wateja watatu wamekaa kwenye benchi wakisubiri kunyolewa, lakini kinyozi wao yuko mtaroni, suruali ameikunja hadi magotini, anazoa tope kwa koleo pamoja na akina mama saba.

“Wasubiri tu, nywele hazikimbii,” anasema Gervas Haule (38), kinyozi wa Mabibo.

Anacheka, ingawa somo hili la kuwatanguliza majirani alilipata kwa fedheha. Mwaka 2024 alitaka uenyekiti wa mtaa. Mvua zikinyesha, mtaro huu ulikuwa ukifurika hadi vyumbani mwa watu, naye alichoka kulalamika.

Sifa alikuwa nazo: mkazi, kadi ya chama anayo, jina limo kwenye orodha ya wapiga kura ya mtaa. Akachukua fomu kwa mbwembwe. Nani asiyemjua Gervas? Kwa siku hunyoa watu ishirini hivi, kichwa shilingi 2,000, na wote walishaanza kumwita mheshimiwa.

Kura za maoni za chama zilipohesabiwa, alipata nne.

Hapo akili ikamrudia. Wanaomsifu saluni ni wanafunzi wa hosteli wasiopiga kura hapa na wabeba mizigo wa sokoni, ambao jioni hurudi kwao. Wapiga kura wa mtaa wake, wengi wao akina mama, hawanyolewi kwake na hakuwahi kuwatembelea.

Alikwenda kulalamika kwa mjumbe wa shina lake, Bi Sekela Mwakyusa. Mama huyo hakumbembeleza.

“Mwanangu, mie nakuonaga ukipita tu. Msibani haupo, kikaoni haupo. Tungekupaje mtaa?”

Tangu hapo, Jumamosi saluni hufunguliwa saa nne. Hakosi mkutano wa mtaa, na penye msiba yeye ndiye hufunga turubai. Mwaka jana akina mama walimpendekeza kwenye kamati ya usafi, akapita bila kupingwa. Mvua zilizofuata, maji hayakuingia nyumba hata moja. Gervas anakiri kwamba mvua hizo zilipokatika alifurahi kuliko siku ya harusi yake.

Mwaka 2029 atachukua fomu tena. Mkewe, Noela, aliyekuja kumletea chai, anatoboa siri bila aibu.

“Mie mwenyewe sikumpigia. Alikuwa hamjui hata mama wa nyumba ya tatu. Siku hizi nasimamishwa njiani, naulizwa Gervas yuko wapi. Safari hii kura yangu anayo.”