Siku Niliyokalia Kiti cha Wazee

Huingii kwenye mkutano wa chama kile, pale Chumbageni, mpaka mzee wa mlangoni akuulize, "Umeacha nini nje?" Nawe unatakiwa ujibu, "Nimeacha viatu na ugomvi." Hapo ndipo anapoinua fimbo aliyozuia nayo njia, ukapita. Mara ya kwanza kuulizwa, nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu hilo tangu asubuhi, na bado nilisema, "Nimeacha viatu na shikamoo."

Mzee akacheka mpaka akalazimika kushika kofia yake. "Marahaba, mwanangu. Lakini shikamoo ingia nayo. Hiyo haiachwi nje."

Ndivyo nilivyo. Jambo ambalo wenzangu wanalifanya huku wanatafuna embe, mimi nalifanyia mazoezi mpaka naliharibu. Hata maneno haya nimeyafuta na kuyaandika upya kiasi ambacho naona haya kukisema. Lakini nina shukrani ambayo sijawahi kuitoa vizuri kwa mdomo, kwa hiyo nimeona niiandike.

Chama chenyewe ni cha udugu. Walikianzisha baba na babu za hawa wa leo, watu wa bandarini, wa reli, wa maduka na wa mashamba ya mkonge, na hadi sasa Mwislamu na Mkristo wakiingia humo huvaa mshipi ule ule wa kijani begani na kuitana ndugu. Kazi yao ya kwanza ni kuzikana. Wana masufuria ya kupikia pilau ya umati, mikeka, maturubai na mabirika, na vyote hukaa kwenye stoo nyuma ya jumba lao. Kazi yao ya pili ni vijana. Kikundi chochote cha vijana wa mtaani, kiwe cha mpira, cha kwaya au cha kupanda mikoko, kikienda kwao na nia njema hupewa mlezi, na hupewa ukumbi wa kukutania bila malipo.

Na hupewa Kiti. Mara moja kwa mwaka, kiongozi wa kikundi kimojawapo huendesha mkutano wa chama kizima. Wazee wote, hata mwenyekiti wao, siku hiyo huwa wajumbe tu. Anayetaka kusema husimama na kuomba, "Kiti, naomba ruhusa." Ukimnyima, anakaa. Mzee wa mlangoni aliniambia waliuanzisha mtindo huo baada ya kuchoka kusikia vijana ni taifa la kesho. "Kesho yenyewe haifiki," alisema. "Tukaona tuwape leo jioni, baada ya alasiri."

Kikundi chetu sisi ni cha baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli, na karibu kila nyumba ina moja iliyoegemezwa ukutani ikingoja tairi. Tunaomba zilizokufa, tunaunganisha vipande, tunawapa wanafunzi wanaotembea mbali kwenda shule. Ufundi nilijifunza mwenyewe, kwa video za simu na kwa kuifungua baiskeli ya babu yangu, ambayo ilinichukua muda mrefu sana kuifunga tena. Labda ndiyo maana nilikuwa siamini mkono wa mtu mwingine. Mwenzangu akikaza nati, nilisubiri ageuke nikaikaza tena. Akipuliza tairi, nililibonyeza kwa kidole gumba. Walikuwa wananiita Mkaguzi, na nilijifanya napenda.

Basi mwaka ule mambo mawili yalitufika pamoja. Mwenye duka aliyetuazima baraza la kufanyia kazi alipata mpangaji, akatuomba kwa upole tuondoke. Tusingepata pa kwenda, baiskeli zingerudi kwa wauza vyuma chakavu na sisi kila mtu angerudi kwao. Tukawaandikia wazee kuwaomba stoo yao. Na wazee wakajibu kwamba ombi letu litajadiliwa kwenye mkutano wa Kiti, na kwamba mwaka huu Kiti ni mimi.

Nilifurahi kama mtu aliyeokota lulu. Niliona mlango wote umefunguka: nitakaa mbele, nitazungumza, watatupa. Nikaandika hotuba. Nikaikariri, nikaisema mbele ya kioo, mbele ya kuku wa mama, mbele ya ukuta. Mama alinisikiliza kutoka jikoni, akasema, "Hata mimi sasa naweza kuisema. Nikusaidie?" Wenzangu waliponiuliza wao waandae nini, niliwaambia, "Nyinyi njooni mmevaa vizuri tu." Niliogopa wangeharibu.

Siku ya mkutano nilifika kabla ya wote. Mzee wa mlangoni, fundi wa reli mstaafu, Msambaa aliyeshuka pwani zamani na baba yake kufuata kazi ya mkonge, alinivalisha mshipi wa kijani, akanikabidhi nyundo ndogo ya mbao.

"Na stoo atawasemea nani?" akauliza.

"Mimi, babu."

Akanitazama. "Wewe ndiwe Kiti. Kiti hakina upande, mwanangu. Kinatoa ruhusa, na kabla ya kufunga jambo kinauliza, 'Nani bado hajasema?' Basi. Neno la kikundi chako atasema mwingine."

Nilikuwa nimeelewa kwamba anayekaa mbele ndiye anayesema sana. Ndivyo nilivyowaona viongozi maisha yangu yote. Nilitaka kutoka nje niwakusanye wenzangu, niwagawie hotuba vipande vipande kama kashata, lakini walikuwa wameshaanza kuingia, mmoja mmoja, wakiulizwa wameacha nini nje. Mcheshi wetu alijibu, "Nimeacha viatu, ugomvi, na baiskeli isiyo na breki." Wazee wakacheka. Mimi nilitaka ardhi inimeze.

Nikagonga nyundo. Tukapitia mambo madogo: paa linalovuja, mjumbe aliyelazwa, maandalizi ya maulidi. Wazee waliomba ruhusa kwa heshima kama vile nilizaliwa kwenye kiti kile. Kisha likaja letu.

Mzee mmoja akasimama kabla sijamaliza kulisoma. Yeye ndiye mtunza stoo, na funguo humning'inia shingoni kwa kamba ndani ya kanzu.

"Kiti, naomba ruhusa."

"Ruhusa, babu. Samahani... ruhusa, ndugu."

"Mimi vijana nawapenda," akasema. "Lakini ile stoo ni ya misiba. Leo tukiwapa, kesho mtu amefariki, tunakuta sufuria lina grisi, mkeka una spoku, na mwenye ufunguo yuko beach na mchumba wake. Maiti haingoji. Mimi nasema hapana."

Wazee wakanong'ona kukubali. Nikawatazama wenzangu. Mcheshi akasimama, akaomba ruhusa, akasema tutaosha mikono. Wakacheka tena, lakini hicho kilikuwa kicheko cha kumkalisha mtu. Akakaa. Mwingine akasimama, akasema, "Sisi tunaomba tu," akakaa. Hotuba yangu yote ilikuwa imenijaa mdomoni, na majibu ya kila neno la yule mzee yalikuwemo. Niliuma ulimi. Nasema kweli, niliuma mpaka nikasikia chumvi.

Lililobaki ni swali ambalo Kiti hulazimika kuliuliza. Nikaliuliza kwa sauti ya mtu anayefunga jeneza: "Nani bado hajasema?"

Kisha mkono ukainuka nyuma kabisa, karibu na dirisha. Alikuwa binti mmoja wetu anayeziba pancha. Ni mtu wa kijiji cha Mwera, anaishi Tanga kwa shangazi yake, na tangu ajiunge nasi sijui kama nilikuwa nimesikia kutoka kwake sentensi ndefu kuliko "nipe gundi." Viraka vyake nilikuwa navibandua na kuvibandika upya.

"Kiti, naomba ruhusa."

"Ruhusa."

Hakuwatazama wazee. Alitazama mikono yake. "Mume wa shangazi yangu alikuwa ndugu wa chama hiki. Alipofariki, mlikuja wengi, Mungu awalipe. Lakini masufuria hayakuja. Ufunguo ulikuwa na mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa shamba, simu haipatikani. Watu walitoka kuzika wakakuta hatujapika. Shangazi alikwenda nyumba kwa nyumba kuazima sufuria, na eda yake ndiyo kwanza inaanza. Sisemi kwa ubaya. Nasema nilikuwepo." Akapumua. "Sisi tunakuwa pale kila siku. Na tuna baiskeli. Tukikaa stoo, masufuria tutayaweka upande wake, tutayafunika, na kukitokea msiba tutayapeleka wenyewe kabla hamjamaliza kupigiana simu."

Akakaa.

Mtunza stoo akainuka polepole. "Kiti, naomba ruhusa."

"Ruhusa, ndugu."

"Aliyekuwa shamba ni mimi," akasema. "Shangazi yako hakuniambia. Nilikwenda kumpa pole, akanipa chai." Alitoa kamba shingoni, akabaki ameushika ufunguo kama hajui auweke wapi. "Mimi nimeitunza stoo ile kwa mapenzi. Nilidhani kuitunza ni kutoiachia." Kisha akaongeza, "Lakini grisi sitaki!"

Kicheko kilichofuata kilikuwa tofauti na vile vya mwanzo. Mzee wa mlangoni aligonga fimbo sakafuni akisema, "Kiti, watu wako!" na nikakumbuka kwamba kazi ya kuwatuliza ni yangu. Nikauliza tena nani bado hajasema. Hakuwepo mtu. Nikaomba wanaokubali wasimame, na wakasimama, goti moja moja, mtunza stoo akiwa ameshikwa kiwiko na jirani yake.

Walikubaliana ufunguo uchongwe wa pili. Nikauliza nani wa kikundi ataushika, nami ndani yangu nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Mtunza stoo akaelekeza kidole dirishani. "Yule pale. Nani mwingine?"

Ukweli ni kwamba iliniuma, kwa kitambo kifupi. Kisha mabega yangu yakashuka, na hapo nikagundua kwamba yalikuwa juu tangu sijui lini. Adhana ya magharibi ikalia, nikagonga nyundo kufunga mkutano. Nje, kwenye rundo la viatu, nilimtafuta yule binti. Nilitaka kumwambia mengi. Nikasema, "Sikujua kuhusu mume wa shangazi yako."

"Hukuuliza," akasema, bila ukali, huku anatafuta ndara zake. "Wewe uliuliza viraka tu."

Nimekaa na jibu lile muda mrefu kuliko nilivyokaa na hotuba yangu. Tangu hapo tukikutana mimi huongea mwishoni, na kabla ya kufunga huuliza swali la Kiti. Wenzangu hunidhihaki kwa hilo pia, hasa yule mcheshi, ambaye tukila pamoja, akimaliza wali wake huzungusha macho mezani na kuuliza nani bado hajasema. Nati bado zinanishinda, sitadanganya. Zipo siku naikaza ya mtu mara moja. Nikitaka mara ya pili, naweka spana chini na kwenda kunawa mikono.

Msiba wa kwanza baada ya kuhamia stoo ulitokea asubuhi moja ya mvua. Nilipata habari nikiwa nyumbani, nikakimbia Chumbageni nikiwa tayari nimeshapanga kichwani nani abebe nini, kamba ipitishwe wapi, sufuria kubwa likae keria ya baiskeli gani. Nilikuta stoo wazi. Upande wa masufuria ulikuwa mtupu, turubai limekunjwa, sakafu imefagiwa. Mzee wa mlangoni alikuwa amekaa kibarazani na mtunza stoo, wanakunywa kahawa.

"Umechelewa, Kiti," akasema wa mlangoni. "Wameshakwenda. Walipita hapa wamefungasha masufuria nyuma, kelele tupu, ungedhani arusi."

"Walifunga vizuri?" nikauliza kabla sijajizuia.

Mtunza stoo akashusha kikombe. "Unaniuliza mimi? Mimi siku hizi sina wasiwasi. Sina hata ufunguo shingoni, nauacha nyumbani."

Nikaingia ndani kuangalia hata hivyo. Nyuma ya mlango, umeegemezwa ukutani, ulikuwepo mfuniko mmoja mkubwa wa sufuria. Zamani ningepiga simu, ningesema nilijua tu. Niliuokota, nikaufunga nyuma ya baiskeli kwa mpira wa tyubu, nikaufuata msiba kwa harufu ya moshi na kwa jinsi watu wa njiani walivyonionyesha njia kabla sijauliza.

Nilipofika, maji yalikuwa yameshachemka. Binti wa viraka alikuwa amejifunga kanga, anachochea moto, macho yanamtoka machozi ya moshi. Aliutazama mfuniko, akanitazama mimi niliyelowa mvua.

"Tumekuachia," akasema. "Tulijua utakuja kukagua."

Wenzangu wakacheka chinichini, kwa adabu ya msibani. Nikamkabidhi mfuniko. Akafunika sufuria, akanisogezea kigoda karibu na moto nikauke, na mtu akanipa vitunguu vya kumenya.