Kipa Aliyekataa Kukata Kamba

Saa moja asubuhi, ukumbi wa barafu wa Oskemen bado unanuka jasho la jana. Nurkan Beisen, kipa wa hoki ya barafuni, yuko peke yake golini. Anakwangua barafu kwa makali ya viatu vyake, kutoka mlingoti hadi mlingoti, mpaka ipate ukakasi anaoutaka. Barafu ikiwa laini mno, kipa anateleza nje ya goli kabla hata shuti halijapigwa.

Wenzake wanaingia, mashuti yanaanza. Kisahani cheusi cha mpira mgumu kinakuja kwa kasi ya kutisha. Nurkan anapiga magoti, anaitawanya miguu huku na huku, kisahani kinagonga kinga ya mguu na kurudi kilikotoka. Anasimama. Anapiga magoti tena. Ukimtazama kutoka jukwaani, utaapa kwamba huyu bwana bado yupo sana.

Hayupo. Jumamosi anacheza mechi yake ya mwisho, na wiki inayofuata anakwenda Almaty kubadilishiwa nyonga ya kulia. Ya kushoto itafuata, mwili ukishapata nguvu. Ana umri wa miaka thelathini na saba.

Kama wavulana wengi wa mji huu, alianza hoki kwenye uwanja wa nyuma ya magorofa, baba akiwa zamu kiwandani kwenye tanuri za zinki. Nafasi ya kipa hakuichagua. "Nilikuwa mnene," anasema. "Mtoto mnene anawekwa golini. Mimi sikuulizwa kitu."

Unene ulikwisha, goli likabaki. Amedakia klabu tatu, zote za madaraja ya kati, na hajawahi kuitwa timu ya taifa. Analipwa tenge laki sita kwa mwezi. Zinatosha nyumba, chakula na kumsaidia mama yake, basi. Anasema alipenda kazi hii kuliko alivyostahili kuipenda, kwa sababu ndiyo iliyomla.

Kupiga magoti na kutawanya miguu, mara mamia kila siku, kwa zaidi ya miaka ishirini, kumezimaliza nyonga zake. Daktari alimwonyesha picha: gegedu hakuna, mfupa unasaga mfupa. Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Nurkan alirudi nyumbani, akamwambia mkewe Raushan, na wakakubaliana kufunga mdomo.

Kuficha hakukuwa kugumu kama mtu anavyodhani. Kwenye barafu hakuna anayechechemea; viatu vinakubeba. Taabu ni sakafuni. Kwa hiyo alikuwa anafika wa kwanza chumba cha kubadilishia nguo na kutoka wa mwisho. Nyumbani, Raushan alimvalisha soksi. Kabla ya mechi alichomwa sindano na daktari wa mtaani ambaye hana uhusiano wowote na klabu.

Klabuni hakuna aliyejua, hata Kuat. Kuat ni beki, anacheza mbele yake mwaka wa tisa huu. Yeye ndiye anayejilaza barafuni ili shuti limpate yeye kabla halijafika kwa Nurkan. Familia zao zinakula pamoja kila sikukuu.

Vuli iliyopita, Inkar, binti wa Kuat, alianza kusimama dede. Wazazi wakaandaa siku yake. Kwa mila ya huku, mtoto akikaribia kutembea, hufungwa miguu kwa kamba ya nyuzi nyeusi na nyeupe, na mtu mmoja anayeheshimiwa huikata. Mtoto hurithi mwendo wa aliyemkatia. Ndiyo maana wazazi huchagua kwa makini: mtu mwepesi, mwenye bidii, mwenye miguu ya heri. Kuat alimchagua Nurkan.

"Aliniambia kwenye simu, ameweka spika, watu wake wote wanasikia," anakumbuka Nurkan. "Ningesemaje?"

Mambo yaliangukia pabaya. Karamu ilikuwa Jumapili, na Jumatatu Nurkan alikuwa atie saini mkataba mpya wa miaka miwili. Kocha wao, mzee Gennady, alikuwa miongoni mwa wageni, amekaa mbele ya sahani ya nyama ya farasi na bakuli la chai ya maziwa.

Zulia jeupe likatandikwa. Inkar akasimamishwa, ameshikwa mikono na shangazi zake wawili, kamba miguuni, anacheka. Nurkan akapewa mkasi. Akachuchumaa, au tuseme alijaribu. Alishuka kwa kushika meza. Mkasi ulifika kwenye kamba ukakwama hapo hapo.

Bi Kulyash, mama yake Kuat, alimhimiza kwa upole akate, mtoto amechoka kusimama. Nurkan akamwambia, "Mama, mimi siwezi."

Watu walicheka kwanza, wakidhani anatania. Kuat hakucheka. "Hutaki mwanangu awe kama wewe?"

"Sitaki," alisema Nurkan.

Kwa Kuat lilikuwa tusi, tena mbele ya mama yake na ndugu zake. Nurkan aliona uso wa rafiki yake unavyobadilika, na hapo, anasema, akaamua liwalo na liwe.

"Kuat, ngazi za kwako nimezipanda nimeshika ukuta. Soksi navalishwa na Raushan. Nyonga zangu zimekufa kaka, zote mbili. Huyu mtoto asichukue miguu yangu."

Kocha Gennady aliweka bakuli lake chini. Nurkan alimrudishia Bi Kulyash mkasi, akainuka kwa taabu, safari hii bila kujificha.

Kamba ilikatwa na dada yake Kuat, mgawa barua, anayezunguka mji mzima kwa miguu. Inkar akapiga hatua zake, peremende zikarushwa, watoto wakazigombania. Nurkan hakuwa chumbani. Alikuwa jikoni na mkewe.

"Nilimkasirikia sana, sikufichi," anasema Raushan. "Saini ilikuwa kesho yake. Angekata tu, nani angejua? Halafu nikachungulia mlangoni, nikamwona yule mtoto anavyotembea. Nikalia."

Mkataba haukuwepo tena. Kocha anasema neno alilolisikia pale lilimgusa, lakini klabu haiwezi kumlipa kipa asiyejiweza kwa miaka miwili. Alimruhusu amalize msimu, kwa sababu wa kumrithi hakuwa amekomaa, na kwa sharti kwamba apimwe na daktari wa timu. Sindano za mtaani zikaisha siku hiyo.

Kilichomuuma Nurkan kuliko mkataba ni Kuat. Kwa wiki nyingi beki huyo alimpigia kelele za kazi tu: kushoto, nyuma yako, toka. Mechi ikiisha, anavua na kuondoka. Alipoulizwa na gazeti hili, Kuat alijibu akiwa ameinamisha kichwa. "Kukataa nilimwelewa usiku ule ule. Lakini mimi najilaza mbele ya mashuti kwa ajili yake, mbavu zimevunjika mara mbili, halafu ananificha maumivu yake? Mimi ni nani kwake?"

Mwezi uliopita alibisha hodi kwa Nurkan, mkono mmoja umebeba mfuko wa maandazi ya mama yake. Raushan akawamiminia chai. Kisha akatoa habari: mkewe ni mjamzito, mtoto atazaliwa kiangazi kikiisha.

"Aliniambia, huyu utamkatia kamba wewe," anasimulia Nurkan. "Akaniambia, kwa hiyo nenda Almaty, halafu ujifunze kutembea vizuri."

Daktari wa upasuaji alishangaa kwamba mgonjwa huyu, mwanamichezo, hakuuliza kama atarudi uwanjani. Aliuliza kitu kimoja tu: je, nitatembea wima, bila kushika kitu? Akaambiwa inawezekana, kwa mazoezi, ila nyonga ya pili itachukua muda wake. Klabu imemwahidi kazi ya kufundisha makipa wadogo akipona. Anashukuru, lakini haizungumzii sana.

Anazungumzia zulia. Amepiga hesabu ya mtoto kuzaliwa, kukaa, kutambaa, kusimama dede, na ya mifupa yake mwenyewe, na anajua zinakaribiana mno.

Je, mtoto akiwahi kusimama kabla yake?

Nurkan anafungua kamba za viatu polepole, mguu mmoja baada ya mwingine, mbele ya wenzake wote.

"Nilimuuliza Kuat hivyo hivyo," anasema. "Akasema watamshika mikono pale pale kwenye zulia, mpaka nifike."