Siyo Ngapi, ni Yupi

Sitajidai kwamba sikuitaka ile nafasi. Niliitaka mno. Kwa miaka sita nilikuwa nikifundisha hisabati na sayansi katika shule ya msingi pande za Nainokanoka, huko juu kwa wafugaji wa Kimaasai, na miaka yote hiyo barua za mafunzo kazini zilitufikia semina ikiwa imekwisha, walioitwa wameshapiga picha ya pamoja na kurudi makwao. Ng'ombe wa maskini hazai. Safari hii barua ilifika mapema na jina langu lilikuwemo: wiki mbili Karatu mjini, na atakayefuzu kutoka kata yetu ndiye atakuwa mwalimu kiongozi wa hisabati. Kila wiki angewakusanya wenzake na kuwaonyesha namna ya kufundisha. Nilijiona tayari nimesimama mbele yao na chaki mkononi.

"Ukishaonja joto la mjini usitusahau sisi watu wa ukungu," wenzangu walinitania. Nilitembea asubuhi nzima hadi barabarani, nikapewa lifti na gari lililokuwa likirudi kutoka kampsaiti ya watalii, na jioni nilikuwa najipangusa vumbi jekundu la nyumbani. Mimi ni Mwiraqw, mtoto wa wakulima wa Karatu. Nalisema hilo kwa sababu ndilo lililozaa kosa nililowahi kulifanya kule juu.

Mwaka wangu wa kwanza Nainokanoka niliwapa watoto wa darasa la tatu kazi ya nyumbani: wahesabu ng'ombe wa kwao, waje na idadi tuchore grafu. Nilijiona mjanja kweli kweli. Kwetu mtoto akiambiwa ahesabu magunia ya mahindi anahesabu, basi. Kesho yake nusu ya darasa haikuja. Waliokuja wote walikuwa wameandika jibu moja: kumi. Kila boma, ng'ombe kumi. Nikawafokea kwamba wamenakiliana, nao wakainamia madaftari yao.

Asubuhi iliyofuata mama wa mmoja wao alisimama mlangoni mwa darasa. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, shuka lake limelowa umande. Kiswahili chake kilikuwa kidogo lakini kilitosha.

"Mwalimu, wewe unataka idadi ya ng'ombe zetu. Wewe ni mwizi, ama ni mchawi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Akanieleza kwamba kwao mtu hawahesabu ng'ombe wake wala watoto wake. Kuwahesabu ni kuwaitia balaa. Kumbe watoto wangu hawakuwa wamenakiliana. Walikuwa wamekubaliana uongo mmoja, ili wamtii mwalimu na ng'ombe wa baba zao wabaki hai.

"Sasa, yeyo, mmoja akipotea mnajuaje?" niliuliza. Yeyo ni mama kwa Kimaasai, na siku ile nililitamka kwa unyenyekevu wote niliokuwa nao.

"Njoo jioni uone."

Nilikwenda. Alisimama kando ya lango la boma, ng'ombe wakiingia kwa vumbi na kusukumana. Mimi kimoyomoyo nilikuwa nahesabu, nikapotea nilipofika kumi na tisa. Yeye hakutikisa hata midomo. Wa mwisho alipopita, akamwambia mumewe neno moja, na mumewe akachukua fimbo yake akarudi njia ya malishoni.

"Yule mwekundu aliyechanika sikio hajaingia," akanitafsiria.

Kabla jua halijazama mumewe alirudi akimswaga ng'ombe mwekundu aliyechanika sikio. Kuanzia siku ile sikufundisha tena kama nilivyofundishwa chuoni. Tulianza na kutambua na kupanga: weusi huku, wekundu huku, wenye mabaka huku, na yule mwenye mabaka ambaye pia hana pembe tumweke wapi? Wakabishana mpaka wakasimama juu ya madawati. Halafu ndipo tukahesabu, tena mawe na punje za maharage. Hesabu walizipenda. Hawakuwahi kuzichukia.

Basi fikirieni nilivyojisikia kule Karatu, wiki ya pili ya mafunzo, tulipofungua moduli kwenye somo la takwimu. Mwezeshaji wetu alikuwa mtu mstaarabu, shati limenyooka, sauti ya upole. Alituonyesha ukutani picha ya ng'ombe. "Hapa tumewafikiria watoto wa wafugaji," alisema, akasoma: mwanafunzi ahesabu ng'ombe wa nyumbani kwao na kuleta idadi shuleni. Kosa langu lile lile, limepigwa chapa na kupambwa kwa rangi.

Nilinyoosha mkono nikawasimulia yote, maana mficha uchi hazai. Walimu walicheka hasa nilipofika kwenye mwizi na mchawi. Mwezeshaji naye alitabasamu.

"Mwalimu, hizo ni imani tu, na kazi ya elimu ni kuziondoa. Kesho utatufundishia somo la mfano, na litakuwa hilo hilo. Fuata moduli, fomu yako ijazwe, uchukue cheti chako."

Angenitukana ningevumilia. Upole wake ndio ulionichoma.

Asubuhi nilipita sokoni nikachukua maharage ya kila rangi na ngwara, mbegu nyeusi jamii ya maharage zenye mstari mweupe, nikazimwaga juu ya meza ya mbele. Nikawaita walimu wenzangu waziangalie vizuri, kisha wageuke. Nikaificha moja kiganjani.

"Zimebaki ngapi?" nikauliza. Ishirini na mbili, ishirini na tatu, wakaanza kubishana na kuhesabu upya kwa vidole.

"Haya, iliyotoka ni ipi?"

Wakainamia meza tena. Kisha mwalimu mmoja wa Ololosokwan, mtoto wa wafugaji, aliyekuwa nyuma na hakuwa amehesabu kitu, akasema bila haraka, "Ni ngwara. Ile ambayo mstari wake ulikatika katikati. Ilikuwa ubavuni mwa harage dogo jekundu."

Nikafungua kiganja. Mtu mmoja alipiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

"Vizuri sana," mwezeshaji alisema, "lakini swali la moduli ni ngapi."

"Swali la mchungaji ni yupi," nikamjibu. "Ukianza na yupi, mtoto wake atakufuata mpaka kwenye ngapi. Ukianza na ngapi atakuandikia kumi, na wewe utaichorea grafu."

Alisogea karibu, akashusha sauti. "Rudia kwa kufuata moduli, mwalimu. Dakika kumi tu. Usijiharibie."

Fomu ilikuwa mkononi mwake na nilijua uzito wake. Nikisema ndiyo, ningekuwa mwalimu kiongozi, na kazi yangu ya kwanza ingekuwa kuwafundisha walimu wa kata nzima kuwatuma watoto wakahesabu ng'ombe wa baba zao. Nikisema hapana, ningerudi nilikotoka mikono mitupu.

"Sirudii," nikasema.

Mbele ya swali "Amefuata moduli?" aliandika Hapana, akanipa nisaini. Nilisaini kwa herufi kubwa, maana lilikuwa jibu sahihi kuliko yote yaliyoandikwa mle ukumbini.

Uongozi alipewa mwalimu wa shule nyingine. Iliniuma, na bado inaniuma; sitadanganya. Lakini Jumatatu nilikuwa mlangoni mwa darasa langu. Sikwenda mezani kufungua daftari la mahudhurio. Nilisimama kando ya mlango kama yeyo alivyosimama langoni, nikawatazama wakiingia mmoja mmoja kutoka kwenye ukungu, mpaka wa mwisho akakaa.

Mwalimu mkuu alichungulia dirishani, kalamu mkononi, kama kila asubuhi. "Waliopo wangapi?"

"Bado sijahesabu," nikamwambia. "Lakini yule binti wa dawati la nyuma, mwenye shanga za bluu, hajaingia. Saa nne nakwenda kwao."