Ufito wa Mguu wa Stuli

Walisema sitaweza kukata miguu minne ya stuli ikalingana. Wengine walisema nisipewe msumeno kabisa, maana mtoto anayesoma sita kama tisa atajikata vidole. Leo nina stashahada ya useremala. Nimeitundika kwenye fremu niliyoichonga mwenyewe, na Lushoto nzima hutapata fremu yenye kona zilizokaa vizuri kama ile. Sijisifu, rafiki yangu, njoo uone.

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani na begi lenye vifaa vya watu: randa, nyundo na msumeno. Kabla ya kuwapelekea wenyewe nilipita kwenye karakana yetu ya zamani, nyuma ya kanisa. Siku hizi ni stoo ya mbolea. Nilisimama mlangoni nikitafuta ile harufu ya msonobari uliopigwa randa asubuhi ya ukungu, nikaambulia chafya.

Pale ndipo tulipokusanywa watoto ambao shule zilituchoka. Kulikuwa na msichana aliyefuma sweta nzuri kuliko za dukani, lakini hakujua siku ya leo ni ipi. Mwingine alipiga msasa tangu asubuhi hadi saa nne, mpaka aletewe chai ya rangi na magimbi ndipo aache. Mimi namba zilinichezea. Nikitazama futi, zile alama zilitembea kama siafu.

Mwalimu wetu alituita wavulana wote mghosi, kama vile tulikuwa wazee wa heshima. Alinitazama siku chache nikihangaika, kisha akaninyang'anya futi na kunipa ufito mwembamba. "Huu ndio mguu wa stuli," alisema. "Usihesabu, mghosi. Linganisha. Ufito ukisema kata, kata."

Kila mtoto alitakiwa aje na vifaa vyake, na kwetu kulikuwa na jembe na panga tu. Bibi, aliyenilea peke yake, akanishika mkono tukaenda kuazima. Mwalimu wa madrasa alitupa randa bila kuuliza. Mama muuza peasi alitupa nyundo aliyokuwa akipigilia makasha yake. Jirani yetu wa juu, mwenye msumeno, ndiye aliyesita.

"Shikamoo, mama. Huyu ataukata mti, au msumeno utamkata yeye?"

"Marahaba. Wewe lete tu. Akikatika nitamshona."

Aliutoa, kwa sharti kwamba kila Jumapili urudi kwake aunoe mwenyewe.

Mwisho wa mafunzo tulipewa kazi ya majaribio. Yangu ilikuwa stuli sita za wanakwaya. Atakayefaulu angepelekwa chuo Tanga, atakayeshindwa angerudi nyumbani kulima. Ufito niliuweka nyumbani, juu ya meko, nisiupoteze. Jumatatu niliuchukua nikaenda kukata, wiki nzima, miguu ishirini na minne. Niliona kama mifupi. Lakini kichwa changu kilikuwa kimenidanganya mara nyingi, ufito ulikuwa haujanidanganya hata mara moja. Ulisema kata, nikakata.

Siku ya kukaguliwa, mwalimu alizipanga stuli sakafuni. Zilikuwa zimepungua karibu shibiri nzima. Wenzangu walicheka hadi yule wa msasa akaacha msasa.

"Kwaya itaimba imechuchumaa," alisema mwalimu.

Alichukua ufito wangu akaupima na ule wa mfano aliobaki nao yeye. Kisha akatikisa stuli moja moja. Akazikalia zote sita, mtu mzima yule, magoti yakimfika kidevuni. Hakuna iliyocheza.

"Ufito ndio mfupi, mkono haujakosea," akasema taratibu. "Umeukata wapi, mghosi?"

Sikujua. Nikasema labda niliukata kwa bahati mbaya pamoja na ubao, na kila mtu akakubali, maana ndivyo nilivyojulikana. Stuli zikachukuliwa na chekechea. Mimi nikaambiwa nijiandae kwenda Tanga.

Nilipomweleza bibi, aliendelea kukoroga uji uliokwisha kuiva. "Umekosea vizuri," alisema. Asubuhi ya safari alinifungia magimbi na mayai ya kuchemsha, hakutaka nimwangalie usoni. Wale watatu walioniazima waliniambia niende na vifaa vyao, nitavirudisha nikiwa mtu. Bibi alipofariki nilikuwa bado chuoni.

Hadithi ya kosa langu nimeisimulia kila mahali, hata siku ya mahafali. Nilijivunia kosa lile kama wengine wanavyojivunia ng'ombe.

Basi, nilipotoka pale karakana, nikarudisha randa, nikarudisha nyundo. Jirani nilimwacha mwisho. Nilimkuta barazani akipukuchua maharage, nikamwamkia, nikampa msumeno wenye mpini mpya. Nikaanza hadithi yangu. Hakuinua macho.

"Hukuukata wewe ule ufito, mghosi. Bibi yako alikuja hapa Jumapili baada ya ibada, akaniomba nimpunguzie. Nilikuwa nanoa. Nilikata kwa msumeno huuhuu."

"Kwa nini, baba?"

"Alisema ukifaulu watakupeleka Tanga. Yeye abaki na nani?"

Akaendelea na maharage yake.

Sikujua nicheke au nikasirike. Kama asingeukata, je, mwalimu angeamini kiasi kile mkono wangu? Na lile "umekosea vizuri", aliniambia mimi au alijiambia mwenyewe? Meko haipo, nyumba imeanguka, chekechea imefungwa, hakuna wa kumuuliza. Vya watu nilikuwa nimevirudisha vyote siku ile, begi lilikuwa tupu, na bado nilihisi nimebeba kitu.

Ndipo nilipogundua magoti yangu yamenifika kifuani. Jirani alikuwa amenikaribisha kwenye stuli moja ya zile sita, aliyoichukua chekechea ilipofungwa. Nikainuka, nikaipima miguu kwa shibiri, mmoja baada ya mwingine, bila kuhesabu. Nikaikalia tena, nikajitikisa.

Haichezi.