Nafasi ya Ingobyi

Sijui kama jambo hili linastahili kuandikwa. Baada yake ulikuja mwaka wa tisini na nne, na mbele ya mauaji yale chumba cha kushonea nguo si kitu. Mtu akiniambia hivyo sitabishana naye. Lakini chumba kilikuwa changu, na waliokibomoa walikuja na maneno yao, na maneno yale bado yamenikwama kooni.

Tulikaa Kabeza, kando ya barabara, pale inapoanza kuteremka bondeni kwenye mashamba ya viazi. Mume wangu alijenga nyumba, kisha mbele akaongeza chumba kimoja kinachotazama njia ili niweke cherehani. Alipofariki, chumba kile ndicho kilichotulisha, mimi na binti zangu wawili. Mteja wa kwetu haingii uani mwa mtu kutafuta fundi. Akiona cherehani njiani anasimama, asipoiona anapita.

Kati ya chumba na mtaro kulikuwa na nafasi tupu, na iliachwa makusudi. Wakati ule mgonjwa alibebwa kwa ingobyi, kile kitanda cha kusukwa chenye miti miwili, wanaume wanne begani na wengine nyuma wakingoja zamu. Wanne hawapiti pembamba, na kwenye lami malori ya jeshi yalikimbia kwenda uwanja wa ndege bila kumjali mtu. Basi mume wangu alipopanda ua wake wa miyenzi, ile mimea ya utomvu mweupe, aliurudisha nyuma mpaka karibu na ukuta. Alisema, mwenye nyumba ya njiani akiwanyima wabebaji nafasi, siku yake atabebwa na nani? Jirani yetu, dereva mstaafu aliyeleta Kiswahili kutoka Mombasa pamoja na matusi yake, alipanda wa kwake mpaka mdomoni mwa mtaro. Wabebaji wakifika kwake waliingia mtaroni. Wakifika kwetu walitua, wakapumua.

Mwaka wa tisini na mbili tukaitwa kwa konseye, mkubwa wa sekta yetu, tuonyeshwe barabara mpya. Injinia alikuwa Mrundi, kijana mpole, Kiswahili chake cha Bujumbura kilipendeza kusikiliza. Alibandika ramani ukutani, na bonde letu lote lilipakwa buluu.

"Hii buluu ni nini?" nikauliza.

"Ziwa, mama."

"Ziwa gani?"

"Litakalokuja. Tutaziba maji kule chini, yatajaa."

Dereva akainua mkono. "Bwana injinia, na viazi yetu iko najua kuogelea?"

Watu wakacheka, injinia naye akacheka. Akaeleza kwamba kando ya maji kutakuwa na promenade, njia pana ya kutembea jioni.

"Watembee kwenda wapi?" dereva akauliza.

"Hawaendi mahali, mzee. Wanatembea tu."

"Hao hawana wake nyumbani?"

Kisha likaja neno la pili, na hapo hakucheka mtu. Emprise, injinia alisema, ni ardhi yote ya barabara. Si lami peke yake, ni pamoja na mtaro na kila mahali ambapo umma hupita bila kuzuiwa. Na ukuta lazima ukae mbali kidogo na mpaka wa hiyo emprise. Atakayepoteza ardhi yake atalipwa fidia. Aliyejenga ndani ya ardhi ya barabara halipwi, kwa sababu barabara haiwezi kununua kilicho chake. Niliona ni haki. Hata leo nikiyaandika hivi, naona ni haki, na hilo ndilo linaloniuma.

Siku chache baadaye akaja kwangu na utepe wa kupimia, konseye akiwa nyuma yake.

"Mama, hapa mbele ya chumba anapita nani?"

"Watu wote."

"Huwa wanakuomba ruhusa?"

Nilikasirika. Nilidhani ananiuliza kama mimi ni mtu wa kuombwa ruhusa na mgonjwa. "Ruhusa ya nini? Hatujawahi kumzuia mtu. Marehemu aliacha nafasi hii kwa ajili yao."

Akashusha kalamu. "Mama, fikiri vizuri."

Alinipa mlango wa kutokea, lazima niseme ukweli. Mimi sikuuona. Nilidhani hauamini wema wa mume wangu, basi nikauongeza. "Tangu tumejenga! Muulize yeyote!"

Akaandika.

Kigingi kilichomekwa kwenye ua wetu, si kwenye mtaro. Kutoka hapo chumba chote kilikuwa karibu mno, kikahesabiwa kimejengwa vibaya, hakina fidia, na ile nafasi ikaitwa ardhi ya barabara tangu zamani. Kwa jirani hakuwahi kupita mtu, kwa hiyo ardhi yake ilikuwa yake mpaka mtaroni. Alilipwa hata miyenzi.

Nilimfuata injinia kwa konseye. "Kama marehemu angekuwa mchoyo, ningelipwa?"

Alikunja ramani yake. Halafu akasema taratibu, "Mama, nilikwambia ufikiri vizuri."

Jirani alinikuta kwenye bomba la maji. "Mama Fundi! Mimi wamelipa roho yangu mbaya. Wewe ya kwako atalipa Mungu. Mwambie asichelewe, mvua iko karibu."

Nilimchukia. Lakini siku ya kubomoa, wakati wale tuliowaachia njia miaka yote walisimama ng'ambo wakitazama, yeye ndiye aliyekuja, akaibeba cherehani yangu kifuani mpaka chumba cha kulala, akihema na kutukana. Siwezi kumwandika mbaya tu.

Huko chumbani wateja hawakunifuata. Mkubwa wa binti zangu aliacha shule, akaenda kufanya kazi nyumbani kwa watu kule Kagarama. Na barabara yenyewe haikuja. Walisema fedha zimekwenda vitani, huenda ni kweli. Bonde lilibaki na viazi vyake. Mahali pa chumba changu paliota majani, na watu walipita juu yake, wakinisalimu.

Mvua ziliporudi nilikata matawi ya miyenzi. Huota popote, hata uyachomeke kinyume. Nikayapanda mdomoni mwa mtaro, moja karibu na jingine, kutoka kwa jirani mpaka mwisho wa kiwanja. Kama wangerudi na utepe wao, wangekuta hapiti mtu. Dereva alinitazama juu ya ua wake, kisha akarudi ndani.

Ua ulipofika kifuani wakaja wabebaji, ndani ya ingobyi mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Walifika pale wanapotua siku zote, wakasimama. Wa mbele, mzee aliyembeba hata mume wangu, akaniona mlangoni.

"Mama, ndiyo imekuwa hivi?"

"Ndiyo imekuwa hivi, mzee."

Hakunilaumu. Aliwaambia wenzake wainame, wakaingia mtaroni mmoja mmoja, na maji yalikuwa yamewafika magotini. Nilimsikia yule mwanamke akilia mpaka walipopita ua wa jirani. Nilisema moyoni kesho nitang'oa japo miche michache, nifungue pengo.

Sikung'oa.